Kodi za Mwajiri wa Mfanyakazi wa Nyumbani Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wale wanaomlipa yaya, mpishi au mlezi wa mzazi mgonjwa, na wale wanaozifanya kazi hizo kwa mikono yao. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo mapatano ya kazi ya nyumbani hufanywa kwa mdomo, mshahara hukabidhiwa mkononi mwisho wa mwezi, na kodi haitajwi kabisa. Marekani, mwenye nyumba anayemlipa mtu mshahara ni mwajiri kamili mbele ya sheria. Visa vya viongozi vimetajwa hapa kwa sababu vimo katika kumbukumbu za umma, na vinaonyesha kwa uwazi kuliko maelezo yoyote mahali watu wenye elimu na mali wanapojikwaa.

Ni nani anayehesabiwa kuwa mfanyakazi wa nyumbani?

Kipimo cha sheria ni mamlaka juu ya kazi. Mwenye nyumba akiwa ndiye anayeamua kazi gani ifanywe na ifanywe namna gani, basi aliyepewa kazi hiyo ni mfanyakazi wake, hata kama anamwachia uhuru mkubwa wa kuitekeleza. Haijalishi kama anafanya kazi kutwa nzima au saa chache, kama analala humo au anarudi kwake jioni, kama analipwa kwa saa au kwa wiki, wala kama alipatikana kwa wakala au kwa kuelekezwa na jamaa mliyekutana naye msikitini au kanisani. Yaya, mpishi, mfanya usafi, dereva wa familia, mtunza bustani na mlezi wa mzee wote wanaweza kuingia humo.

Anayejiajiri ni yule mwenye vifaa vyake, mwenye wateja wake, anayetoa huduma kwa umma kama biashara na kupanga mwenyewe namna ya kuifanya. Mwenye kampuni ya kukata nyasi anayekuja na mashine na vijana wake si mfanyakazi wako. Vilevile mama anayelea watoto wa majirani nyumbani kwake mwenyewe si mfanyakazi wa wazazi hao.

Kumwita mtu mkandarasi katika karatasi hakubadilishi chochote. Mwajiri anayempa yaya wake fomu ya 1099, ambayo ni ya wanaojiajiri, badala ya W-2, ambayo ni ya mshahara wa mfanyakazi, humtwisha mzigo usio wake, kwa kuwa anayejiajiri hubeba peke yake asilimia 15.3 ya kodi ya Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), ilhali mfanyakazi hubeba asilimia 7.65 tu na mwajiri hubeba nusu iliyobaki.

Mtu anayetusaidia watoto tu, halali kwetu usiku, hapiki wala hafagii. Je, naye ni mfanyakazi?

Ndiyo. Hoja hii ilitolewa hadharani mwaka 2017 na Mick Mulvaney, mbunge kutoka South Carolina aliyeteuliwa na Rais Donald Trump kuongoza Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Ikulu. Alieleza kwamba kati ya mwaka 2000 na 2004, baada ya kupata watoto mapacha watatu, familia yake ilimwajiri mlezi ambaye hawakumfikiria kuwa mfanyakazi wa nyumbani, kwa sababu hakuishi nao, hakulala kwao, hakupika, hakufanya usafi wala hakuwafundisha watoto. Kodi ambayo haikulipwa ilizidi dola 15,000, na alilazimika kuilipa. Kati ya vigezo vyote alivyovitaja, hakuna hata kimoja ambacho sheria inakiangalia.

Wajibu wa kodi huanza mshahara unapofika kiasi gani?

Kwa kodi ya Hifadhi ya Jamii na Medicare, kiwango kilikuwa dola 2,800 kwa mwaka 2025, na kwa mwaka 2026 ni dola 3,000. Kiasi hicho huhesabiwa kwa kila mfanyakazi peke yake, na hupandishwa kadiri wastani wa mishahara nchini unavyopanda. Hapa ndipo watu wengi hukosea: kiwango kikishafikiwa, kodi hudaiwa kwa mshahara wote tangu dola ya kwanza, si kwa ile ziada tu. Malipo ya taslimu, hundi na yale ya kutuma kwa simu yote ni mshahara. Chakula na malazi anayopewa mfanyakazi havihesabiwi katika kodi hizi mbili.

Kodi ya shirikisho ya bima ya ukosefu wa ajira ina kipimo chake. Inaanza pale wafanyakazi wote wa nyumbani kwa jumla wanapolipwa dola 1,000 au zaidi katika robo mwaka yoyote ya mwaka huu au wa mwaka uliotangulia.

Kodi zenyewe huhesabiwaje?

Tuchukue yaya anayelipwa dola 600 kwa wiki kwa wiki 50, yaani dola 30,000 kwa mwaka. Kodi ya Hifadhi ya Jamii ni asilimia 6.2 na ya Medicare ni asilimia 1.45, jumla asilimia 7.65. Kila wiki mwajiri hukata dola 45.90 kutoka kwenye mshahara, kwa hiyo yaya hupokea dola 554.10 mkononi, kisha mwajiri huongeza dola 45.90 nyingine kutoka mfukoni mwake. Mwaka ukiisha, yaya amechangia dola 2,295 na mwajiri dola 2,295, na dola 4,590 zote hupelekwa serikalini.

Juu ya hapo huja kodi ya shirikisho ya ukosefu wa ajira, ambayo ni asilimia 6.0 ya dola 7,000 za kwanza za kila mfanyakazi. Mwajiri aliyelipa kodi ya jimbo kwa wakati hupata punguzo la hadi asilimia 5.4 kati ya hizo, hivyo kwa kawaida hubaki asilimia 0.6, yaani dola 42 kwa mwaka. Kodi hii haikatwi hata senti moja kutoka kwa mfanyakazi.

Mwajiri anaruhusiwa kuamua kubeba pia sehemu ya mfanyakazi badala ya kumkata. Wako wanaofanya hivyo ili yaya apokee dola 600 kamili. Hata hivyo, sehemu hiyo huhesabiwa kuwa pato la mfanyakazi anapofanya hesabu ya kodi ya mapato, na ni uungwana kumweleza tangu mwanzo.

Je, ninalazimika kukata pia kodi ya mapato ya mfanyakazi?

Hapana, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameomba nawe umekubali, na katika hali hiyo mfanyakazi hujaza fomu ya W-4. Usipoikata, bado mfanyakazi anadaiwa kodi hiyo, na asipojiandaa atakutana na deni kubwa mwezi Aprili. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa wiki hadi wiki, deni la mara moja huumiza kuliko makato madogo madogo, kwa hiyo mwajiri mwema hulizungumzia jambo hili siku ya kwanza ya kazi.

Ni nani ambao mishahara yao haitozwi?

Mke au mume wako, na mtoto wako aliye chini ya miaka 21. Mzazi wako kwa kawaida naye hatozwi, ingawa kuna hali maalumu za kumlea mjukuu ambapo hutozwa. Kijana aliye chini ya miaka 18 ambaye kazi ya nyumbani si shughuli yake kuu, kwa mfano mwanafunzi anayelea watoto jioni, hatozwi pia. Vijana wanaokuja kwa mpango wa kubadilishana tamaduni wenye viza ya J-1 kwa kawaida hawatozwi kodi ya Hifadhi ya Jamii na Medicare. Shangazi, binamu na shemeji hawamo katika msamaha huu, na katika jamii zetu hao ndio wanaolea watoto mara nyingi.

Mlezi wa mama yangu analetwa na wakala. Ni nani mwajiri?

Ikiwa wakala ndiye anayempangia kazi, anayemlipa na anayemsimamia, basi wakala ndiye mwajiri na kodi ni zake. Hali hii inawahusu Waafrika Mashariki wengi walioko Minnesota, Texas, Maryland na kwingineko ambao ni walezi wa wazee kupitia kampuni. Lakini ikiwa wakala alikutafutia mtu, akachukua ada yake na kuondoka, na wewe ndiye unayempa maelekezo na mshahara, mwajiri ni wewe. Katika mipango ya serikali inayomwezesha mgonjwa kuchagua mlezi wake, mara nyingi kuna mlipaji maalumu anayeshughulikia makato na fomu; ulizia jina lake na uthibitishe kwamba kweli anawasilisha.

Mfanyakazi wangu mwenyewe ameniomba nimlipe taslimu, bila makato wala maandishi. Si amekubali kwa hiari yake?

Hili ndilo swali linalostahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu maelewano haya huonekana kuwa ya huruma na mwisho wake huwa mchungu. Kwanza, sheria haimruhusu mfanyakazi kumsamehe mwajiri kodi. Hata kama mliandikiana na kutia saini, deni hubaki kwa mwajiri, nusu zote mbili.

Pili, kinachopotea ni uzee wa mtu. Ili kupata pensheni ya Hifadhi ya Jamii, mfanyakazi anahitaji pointi 40 za mchango, na kwa mwaka mmoja hawezi kupata zaidi ya pointi 4. Mwaka 2025 pointi moja ilipatikana kwa kila dola 1,810 za mshahara uliotozwa, maana yake dola 7,240 zilitosha kupata pointi zote nne. Yaya wetu wa dola 30,000 anazipata nne bila shida, na baada ya miaka kumi amefikisha 40. Yaya mwenzake wa nyumba ya jirani, aliyelipwa fedha ile ile taslimu kwa miaka kumi bila kumbukumbu, ana pointi sifuri. Wote wawili walibeba watoto wale wale, walipanda mabasi yale yale alfajiri, na migongo yao inauma sawasawa. Akifikisha miaka 65, wa kwanza anaingia Medicare bila kulipia ada ya bima ya hospitali. Wa pili, asipokuwa na mwenzi mwenye michango ya kutosha, anatakiwa kuinunua.

Kwa mtu aliyetoka kwetu hasara ni kubwa zaidi. Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango ya hifadhi ya jamii na Kenya, Tanzania, Uganda wala nchi nyingine yoyote ya Afrika. Miaka aliyochangia NSSF nyumbani haiwezi kuongezwa kwenye hesabu ya Marekani ili kufikia pointi 40. Aliyefika akiwa na miaka 45 hana muda wa kupoteza. Kila mwaka unaolipwa nje ya vitabu ni mwaka ambao hataweza kuufidia.

Tatu, michango hiyo ndiyo inayomlinda akipata ulemavu, na ndiyo inayowalinda watoto wake akifariki mapema. Ile ya ukosefu wa ajira humpa kitu cha kushika familia inapohama ghafla. Mwaka 2020, familia nyingi zilipowaachisha kazi walezi kwa hofu ya Uviko-19, aliyekuwa na W-2 alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Asiyekuwa nayo alibaki na neno lake tu.

Kwa hiyo mfanyakazi anapoomba taslimu, mkae chini na mpige hesabu hii pamoja. Mara nyingi anachotaka ni zile dola 45.90 za wiki, na mwajiri mwenye uwezo anaweza kumwongeza mshahara au kubeba sehemu yake bila kumnyima uzee wake.

Na kama hana kibali cha kufanya kazi?

Kodi hudaiwa kwa mshahara uliolipwa bila kujali hali ya uhamiaji ya aliyelipwa. Hilo ni tofauti na suala la kumwajiri. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986, ni kosa kumwajiri mtu ukijua hana kibali, na kwa kazi ya kudumu mwajiri hutakiwa kujaza fomu ya I-9 na kuangalia hati zake ndani ya siku 3 za kazi tangu alipoanza. Makosa haya mawili mara nyingi huenda pamoja, na ndiyo maana katika visa vya viongozi ni vigumu kuyatenganisha, lakini ni wajibu mbili tofauti, na kuvunja mmoja hakumwondolei mtu ule wa pili.

Kwa nini jambo hili lilipata umaarufu mwaka 1993?

Desemba 1992 Bill Clinton, akiwa rais mteule, alimteua Zoë Baird kuwa Mwanasheria Mkuu. Angekuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Alikuwa mwanasheria mkuu wa kampuni ya bima ya Aetna, mwenye mshahara wa zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka. Ikafahamika kwamba yeye na mumewe walikuwa wamewaajiri mke na mume kutoka Peru wasio na vibali, mmoja akiwa yaya na mwingine dereva, na kwamba kodi ya Hifadhi ya Jamii haikuwa imelipwa. Walilipa kodi hiyo pamoja na faini ya dola 2,900, lakini simu za wananchi zilizomiminika Seneti hazikukoma. Alijiondoa tarehe 22 Januari 1993, siku mbili tu baada ya Clinton kuapishwa.

Wananchi hawakukasirishwa na ukubwa wa kiasi hicho. Walikasirika kwa sababu mtu aliyeteuliwa kuisimamia sheria ya nchi nzima, mwenye uwezo wa kuwalipa wanasheria wa kodi, alishindwa kufanya kile ambacho mama mwenye mshahara wa kawaida aliambiwa ni lazima. Naona hasira hiyo ilikuwa ya haki, ingawa matumizi yake baadaye hayakuwa ya haki kila mara.

Sheria ilibadilikaje baada ya hapo?

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani na wa mashambani, kazi ambazo wakati huo zilifanywa na sehemu kubwa ya Wamarekani Weusi. Mabadiliko ya mwaka 1950 yaliwaingiza wale wa nyumbani wanaofanya kazi kwa utaratibu, na kiwango kikawekwa dola 50 kwa robo mwaka. Kiwango hicho hakikuguswa kwa zaidi ya miaka 40. Kufikia mwaka 1993, kijana aliyelea watoto Jumamosi chache alitosha kumfanya jirani yake mdaiwa wa kodi, na mwajiri alitakiwa kuwasilisha fomu kila baada ya miezi mitatu. Sheria inayomgusa kila mtu kwa kiasi kidogo namna hiyo hupuuzwa na kila mtu, na wanaoumia ni wale ambao hasa ilikusudiwa kuwalinda.

Tarehe 22 Oktoba 1994 Clinton alitia saini sheria iliyopandisha kiwango hadi dola 1,000 kwa mwaka, ikawaondoa vijana wa chini ya miaka 18 ambao kazi hiyo si shughuli yao kuu, na kumruhusu mwajiri kulipa mara moja kwa mwaka pamoja na marejesho yake ya kodi ya mapato, kwa kuambatisha Schedule H, fomu ya kodi za wafanyakazi wa nyumbani. Utaratibu huo ndio tunaoutumia hadi leo.

Je, viongozi wote walioanguka walikwepa kodi?

Hapana, na ni vizuri kulisema hili wazi kwa sababu majina hurundikwa pamoja bila uangalifu. Baada ya Baird, Clinton alimfikiria jaji Kimba Wood. Yeye alikuwa amemwajiri yaya asiye na kibali kabla ya sheria ya 1986, wakati ambapo kumwajiri hakukuwa kosa, na alikuwa amelipa kodi zote. Hata hivyo alijiondoa tarehe 5 Februari 1993. Wadhifa huo hatimaye ulikwenda kwa Janet Reno, ambaye hakuwa na watoto.

Wakati huo huo Ron Brown, Waziri wa Biashara, alikiri kuwa hakuwa amelipa kodi ya mfanya usafi wake, akailipa, na akaendelea na kazi yake. Wanawake wengi wa Marekani waliuliza kwa nini swali la nani analea watoto lilielekezwa kwao na si kwa wanaume. Waliuliza kwa haki: Wood alifuata sheria na akakosa cheo, Brown hakuifuata na akabaki nacho. Stephen Breyer naye, alipozungumziwa kwa Mahakama ya Juu mwaka huo huo, alikutwa na kodi ya mfanya usafi wa muda ambayo alikuwa amechelewa kuilipa. Nafasi hiyo ilikwenda kwa Ruth Bader Ginsburg, lakini mwaka uliofuata Breyer aliteuliwa na kuthibitishwa.

Kisa cha Linda Chavez mwaka 2001 kilikuwa cha aina nyingine. Aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi, na ikajulikana kwamba mwanamke kutoka Guatemala asiye na kibali aliwahi kuishi nyumbani kwake, akisaidia kazi na kupewa fedha. Mwenyewe alisema ulikuwa msaada na si ajira. Alijiondoa kabla ya kusikilizwa. Wasomaji wetu waangalie kisa hiki kwa makini, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi ndugu au mgeni kutoka kijijini huishi, huosha vyombo, hulea watoto na kupewa chochote. Mipaka kati ya ukarimu na ajira huamuliwa na jinsi mambo yanavyokwenda kila siku.

Kipimo kinachotumika kwa viongozi ni kimoja?

Linganisha visa viwili vya ofisi moja. Januari 2009 Barack Obama, akiwa rais mteule, alimteua Nancy Killefer kuwa naibu mkurugenzi wa Ofisi ya Usimamizi na Bajeti na afisa mkuu wa utendaji wa serikali. Mwaka 2005 mamlaka ya jiji la Washington ilikuwa imeweka zuio la dola 946.69 kwenye nyumba yake kwa kodi ya ukosefu wa ajira ya mfanyakazi wa nyumbani. Kodi yenyewe ilikuwa dola 298. Riba ilikuwa dola 48.69 na adhabu dola 600. Alikuwa amekwisha kulipa. Tarehe 3 Februari 2009 alijiondoa.

Miaka minane baadaye, Mulvaney mwenye deni la zaidi ya dola 15,000 alithibitishwa na Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49 kuiongoza ofisi hiyo hiyo. Siku moja kabla ya kura yake, Andrew Puzder, aliyeteuliwa kuwa Waziri wa Kazi, alikuwa amejiondoa. Miongoni mwa yaliyomsumbua ni kwamba aliwahi kumwajiri mfanyakazi wa nyumbani asiye na kibali na kulipa kodi yake kwa kuchelewa.

Kilichoamua katika visa hivi ni idadi ya kura Seneti, makosa mengine yaliyomwandama mteule, na wiki ambayo habari ilitoka. Killefer alijiondoa siku ile ile na Tom Daschle, mteule wa uwaziri wa afya aliyekuwa na deni kubwa la kodi lisilohusu yaya, mara tu baada ya Timothy Geithner kuthibitishwa kuwa Waziri wa Fedha licha ya kulipa kwa kuchelewa zaidi ya dola 34,000 za kodi zake mwenyewe. Mimi sikubali kwamba kisa kidogo kilipaswa kumwangusha mtu na kikubwa kimpite mwingine, lakini lawama ya kutolingana huko ni ya wanasiasa. Sheria ya kodi yenyewe ilisema jambo moja kwa wote.

Mimi si kiongozi. Ni nani atakayejua?

Mara nyingi mambo hujitokeza pale mfanyakazi wa zamani anapoomba mafao ya ukosefu wa ajira au pensheni, na ofisi ikakuta hakuna mchango kwa jina lake. Haombi ili kumshtaki mtu. Anajibu tu swali la fomu linalouliza alifanya kazi kwa nani. Baada ya hapo mwajiri hudaiwa kodi zote, riba, na adhabu. Adhabu ya kawaida ya kuchelewa kuwasilisha marejesho ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi hadi kufikia asilimia 25.

Jimbo lina madai yake?

Ndiyo, na viwango hutofautiana. California, kwa mfano, huanza kudai mchango wa bima ya ulemavu mshahara ukifika dola 750 kwa robo mwaka. New York humtaka mwajiri awe na bima ya kuumia kazini kwa mfanyakazi wa saa 40 au zaidi kwa wiki, na mwaka 2010 lilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya haki za wafanyakazi wa nyumbani. Angalia sheria za jimbo unakoishi kabla mfanyakazi hajaanza.

Nianzeje kwa utaratibu sahihi?

Omba nambari ya mwajiri kwa fomu ya SS-4. Hupatikana mtandaoni bila malipo. Jaza I-9, jiandikishe katika jimbo lako, na weka daftari la saa na malipo ambalo mfanyakazi naye analiona. Kufikia tarehe 31 Januari mpe W-2 na upeleke nakala kwa Utawala wa Hifadhi ya Jamii. Aprili, ambatisha Schedule H kwenye marejesho yako. Kwa kuwa deni hulipwa mara moja kwa mwaka, ongeza makato kwenye mshahara wako mwenyewe au lipa kwa awamu, usije ukatozwa adhabu ya malipo pungufu.

Miaka iliyopita sikulipa. Nifanye nini?

Wasilisha Schedule H za miaka hiyo, andaa W-2 za kila mwaka, na lipa kabla hujaulizwa. Hesabu iwe ya mwaka kwa mwaka, kwa viwango vya mwaka husika. Tafuta mhasibu anayejua kodi za nyumbani. Mpe mfanyakazi nakala zake hata kama mliachana vibaya.

Mimi ndiye mfanyakazi. Nitajuaje kama mwajiri wangu ananilipia?

Fungua akaunti katika tovuti ya Utawala wa Hifadhi ya Jamii, ssa.gov, na usome mapato yako ya kila mwaka. Mwaka uliofanya kazi ukionyesha sifuri, makato unayoambiwa hayajafika. Usipopewa W-2, unaweza kutumia fomu ya 4852 badala yake. Ukipewa 1099 isiyostahili, fomu ya SS-8 huiomba Idara ya Mapato iamue kama wewe ni mfanyakazi, na fomu ya 8919 hukuwezesha kulipa sehemu yako tu. Hifadhi stakabadhi, ujumbe wa simu na picha za hundi, kwa sababu ushahidi huo hutosha mara nyingi. Muda wa kawaida wa kusahihisha kumbukumbu za mapato ni miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwisho wa mwaka uliolipwa mshahara huo, hivyo ikague akaunti yako kila mwaka.